UJUZI USIOFUNGIWA MLANGO, NA FAIDA YAKE KWA BIASHARA ZA USHIRIKA

Maneno yaliyosemwa na Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha mwaka wa kumi, Terrat, Arusha



Chama chenye umri wa miaka kumi ni kama mtoto aliyekwisha kuaminiwa mbuzi. Si mchanga wa kubebwa mgongoni tena, wala hajawa mzee wa kuombwa shauri na kijiji kizima. Walakini ameanza kujua njia, na hatua zake sasa zaweza kuokoa au kupoteza mali ya watu wengi.

Wenzetu waliotangulia kusema wamekwisha kueleza habari za magunia, lita za maziwa na fedha zilizolipwa kwa wanachama. Sisi tumeagizwa na Kamati tueleze jambo moja tu, ambalo limo katika ajenda ya leo na ambalo ninyi wajumbe mtalipigia kura alasiri. Jambo lenyewe lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni ya chuma. Mtakumbuka ya kuwa mashine ya kupukuchua mahindi tuliyoinunua kwa michango ya wanachama ilikuwa ikivunja punje nyingi na kuchanganya mapumba na nafaka, hata wanunuzi wakatukata bei. Mafundi wetu wa karakana waliishughulikia kwa misimu miwili. Wakabadili mpangilio wa meno ya ngoma, wakapanua matundu ya wavu, wakaongeza feni ya kupeperusha mapumba, na mwisho wakatengeneza wavu wa pili ili mashine hiyo hiyo ipure maharage bila kuyapasua. Habari zilienea. Sasa vyama jirani na mafundi wa kuchomelea wa mjini wanatuomba mchoro wake. Nusu ya Kamati wasema tuutoe. Nusu ya pili wasema tuufungie kabatini.

Sehemu ya pili ni ya kompyuta. Mkataba wa programu inayotunza hesabu za wanachama wetu unakwisha mwaka huu, nasi hatuna budi kuamua kama tutaendelea na programu iliyofungwa, au tutahamia kwenye programu huria.

Mambo haya mawili yaonekana kuwa mbali mbali, lakini mzizi wake ni mmoja: je, ujuzi ukitolewa nje, mwenye nao hupata hasara au faida?

UBUNIFU HURIA NI NINI

Ubunifu huria ni ule ambao aliyeutunga ameweka hadharani mchoro, kanuni au maandishi yake, kisha akawapa watu wengine ruhusa ya mambo manne: kuutumia kwa kazi yo yote, kuuchungulia ndani wajue unavyofanya kazi, kuugeuza ili ufae mahali pao, na kuwapa wengine, ama kama ulivyo, ama kama walivyougeuza. Aghalabu ruhusa hiyo huandikwa katika leseni, na leseni nyingine huweka sharti kwamba ye yote atakayeutengeneza ukawa bora zaidi, akiutoa kwa wengine, atoe na marekebisho yake kwa ruhusa ile ile.

Neno huria halina maana ya bure. Fundi akitengeneza mashine kwa mchoro huria, aweza kuiuza kwa bei anayoiona kuwa ya haki. Kilicho wazi ni ujuzi; chuma, jasho na usafiri vina bei zake kama zamani.

Wazee wetu wa miteremko ya Mlima Meru walijua kugawana maji ya mifereji kwa zamu, kwa kuwa maji yakiingia katika shamba la mmoja, yamekosekana katika shamba la mwenziwe. Ujuzi haugawanywi hivyo. Akina mama wakifundishana namna ya kutunza maziwa katika kibuyu, hakuna kibuyu kinachopungua kwa ajili ya mafunzo hayo. Kinachoweza kupungua ni faida ya yule aliyekuwa akiuza peke yake, na hapo ndipo penye hoja ya wenzetu wanaotaka kabati lifungwe. Hoja hiyo tutaijibu, wala hatutaikwepa.

USHIRIKA WENYEWE ULITUFIKIA KWA NJIA HII

Kwanza tujiulize chama chetu kilipata wapi kanuni zake. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28, wengi wao mafundi wa kufuma nguo waliobanwa na umaskini, walifungua duka dogo la unga, siagi, sukari na mishumaa. Maduka ya namna hiyo yalikuwako hata kabla yao. Waliloliongeza wao ni kanuni zilizoandikwa wazi wazi: kila mwanachama kura moja, ziada igawiwe kwa kadiri ya manunuzi, na hesabu zionwe na wote.

Kanuni hizo hawakuzifungia. Waliokuja kuuliza walielezwa; waliotaka kunakili walinakili. Zikavuka bahari, zikageuzwa kwa desturi za kila nchi, na huku kwetu zikafika miteremko ya Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933, baada ya kuwako sheria ya ushirika ya 1932, kikaandikishwa Chama Kikuu cha KNCU. Kutoka huko mfano ukaenea Meru na mikoa mingine. Hakuna hata senti moja iliyodaiwa na watu wa Rochdale kwa kutumia ubunifu wao.

Mwaka 1966 Shirikisho la Vyama vya Ushirika Duniani liliongeza kanuni isemayo kwamba vyama vya ushirika vishirikiane vyenyewe kwa vyenyewe, nayo imo hata leo katika zile kanuni saba zilizotangazwa upya mwaka 1995. Basi jirani yetu anapotuomba mchoro, hatuombi hisani mpya. Anatukumbusha kanuni tuliyoikubali siku ile tulipoandikishwa.

MFANO WA HAPA HAPA ARUSHA

Wengine watasema, hayo ni ya Ulaya na ya zamani. Haya, tuangalie mfano ulio karibu nasi.

Tangu mwaka 1975 Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, lilianza kujenga nchini mitambo ya gesi ya samadi, ambayo sasa twaiita bayogesi, kwa mfano uliotoka India. Mtambo huo ulikuwa na pipa kubwa la chuma lililoelea juu ya samadi na kupanda kila gesi ilipozidi. Ulifanya kazi, lakini pipa lile lilikuwa ghali, likashikwa na kutu, na mkulima wa kawaida hakuliweza.

Katika nchi ya China kulikuwa na mtambo wa namna nyingine, wenye kuba lililojengwa chini ya ardhi, usio na pipa la chuma. India nao wakauchukua mfano huo wakautengeneza upya: kwanza ule ulioitwa Janata mwaka 1978, kisha Deenbandhu mwaka 1984, jina ambalo maana yake ni rafiki wa maskini. Shida ya kuba ni ufa. Matofali yakipasuka, hata ufa ukiwa mwembamba kama unywele, gesi hutoroka na jiko halishiki moto.

Hapa Arusha, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, kilishirikiana na wataalamu wa Kijerumani kuitafutia shida hiyo dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakapata mtambo wenye umbo la nusu ya mpira, uliosimama juu ya msingi wa duara. Katika ukuta wake waliweka pete mbili, moja dhaifu kwa makusudi na moja yenye nguvu juu yake. Ukuta ukitaka kupasuka, hupasuka kwenye ile pete dhaifu, sehemu iliyozamishwa katika samadi, ambako ufa haudhuru; ile pete yenye nguvu huuzuia ufa usipande kwenye kuba linaloshika gesi. Hawakujidai kwamba ukuta wao hautapasuka kamwe. Waliuchagulia mahali pa kupasukia. Kwa kweli huo ni ujenzi wa busara.

Sasa tazameni walifanya nini na ujuzi huo. Mwaka 1991 ulitolewa katika kitabu cha Ludwig Sasse, Christopher Kellner na Ainea Kimaro, pamoja na vipimo na michoro, asome ye yote apendaye. Mafundi waashi walifundishwa. Mtambo ule ukarekebishwa na kuzaa mitambo mingine nchini Kenya na Uganda, na ulipoanza mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani mwaka 2009, nyumba nyingi zilijengewa mitambo ya ukoo huo. Jina la CAMARTEC likashikamana nao hata nje ya mipaka yetu, jambo ambalo tangazo la kulipia lisingeweza kulifanya.

Na biashara je? Mwashi aliyejua kujenga kuba alipata kazi ambayo baba yake hakuijua. Fundi wa bati akauza majiko ya gesi, mwenye duka akauza saruji na mabomba, na mfugaji akapata gesi ya kupikia pamoja na mbolea iliyoiva. Kila mmoja alilipwa kwa kazi yake, na hapakuwa na aliyelazimika kusubiri ruhusa ya mwingine.

Mfano huu una onyo pia, nasi hatutalificha. Mchoro ukishikwa na mwashi asiyefundishwa, mtambo huvuja, na mtambo mmoja unaovuja huwavunja moyo majirani kumi. Mchoro ulio wazi pasipo mafunzo ni kama dawa pasipo maelezo.

WENYE MIGODI NA WENYE KOMPYUTA

Jambo hili limekwisha kupimwa hata katika biashara kubwa. Huko Cornwall, Uingereza, wenye migodi walitumia mashine za mvuke za James Watt kuvuta maji migodini. Hataza yake, iliyotolewa mwaka 1769 na kuongezwa muda, ilidumu hadi mwaka 1800, na kwa miaka hiyo wenye migodi walimlipa sehemu ya thamani ya makaa waliyookoa. Alistahili malipo, maana alikuwa amegundua jambo kubwa. Walakini wakati huo mafundi wengine walizuiwa kuendeleza kazi hiyo, na kesi zikajaa mahakamani.

Hataza ilipokwisha, wenye migodi walifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1811, Joel Lean alichapisha taarifa ya kila mwezi iliyoonyesha mashine ya kila mgodi imevuta maji kiasi gani kwa kipimo kimoja cha makaa, na fundi wake ni nani. Mafundi kama Arthur Woolf na Richard Trevithick wakapata kujulikana kwa kazi zao, kila mmoja akiiga lililo bora la mwenziwe na kuongeza lake. Katika muda wa miongo michache makaa yale yale yakafanya kazi zaidi ya mara mbili ya zamani. Makaa huko yaliletwa kwa meli na yalikuwa ghali, kwa hiyo kila mgodi ulipata faida, nao mafundi waliosifiwa katika taarifa wakaitwa kazini na kulipwa vizuri.

Tukija kwenye kompyuta, mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Finland, Linus Torvalds, alitangaza moyo wa mfumo wa kompyuta aliokuwa akiuandika, akawaalika wengine wauchungulie na kuurekebisha. Ndio ulioitwa Linux. Leo umo ndani ya kila simu ya Android iliyomo katika mifuko ya wajumbe hapa ukumbini. Kampuni ya Kimarekani iitwayo Red Hat haikuuza siri yo yote. Iliuza huduma, matengenezo na uhakika juu ya programu ambazo kila mtu aweza kuzisoma. Mwaka 2019 kampuni ya IBM iliinunua kwa dola za Kimarekani bilioni 34. Mwenye kudhani kwamba katika ujuzi ulio wazi hamna biashara na aitafakari hesabu hiyo.

Afrika ya Mashariki nayo haikukaa nyuma. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa programu ya ofisini kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu programu ile ilikuwa huria. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kampuni aone kama Kiswahili kinamletea faida. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, vijana walitunga programu ya Ushahidi ya kukusanya habari za matukio kutoka kwa wananchi, wakaitoa kwa wote. Mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Vituo vya afya vya nchi yetu hupeleka takwimu zao kwa mfumo wa DHIS2, ambao ni huria, na ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuufanya ufae mahitaji ya nchi hii. Kwa hesabu za akiba na mikopo kuna Mifos, iliyoanzishwa mwaka 2006, ambayo kiini chake sasa hutunzwa chini ya jina la Fineract, nayo imetungwa kwa ajili ya taasisi ndogo za fedha.

DAFTARI LETU NA UFUNGUO WAKE

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: daftari ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine ni nusu ya kukosa daftari.

Mwuzaji wa programu tunayoitumia hatutamtaja jina, kwa kuwa mkutano huu si baraza la mashtaka. Katika mwaka wa tatu wa mkataba alipandisha ada. Sisi hatukuweza kulipa siku ile ile, kwani fedha za chama si za katibu wala za mwenyekiti. Yapasa kikao kiidhinishe. Kabla kikao hakijakaa, programu ikafungwa. Tuliwasha kompyuta tukaona ukurasa mtupu ukidai malipo. Tukaomba tupewe hesabu zetu tu, tuzichape kwenye karatasi. Tukaambiwa kwamba hesabu ziko katika maandishi ambayo programu yake peke yake ndiyo iwezayo kuyasoma.

Ulikuwa mwezi wa Januari, na shule zilikuwa zinafunguliwa. Kwa siku 19 wanachama walioleta maziwa hawakulipwa. Mama mmoja wa hapa Terrat, anayeleta lita nne kila asubuhi, aliuza mtamba wake kwa bei ya kutupa ili mwanawe asikose kwenda shule na wenziwe. Tuliokolewa na daftari la karatasi ambalo karani wa mapokezi ya maziwa alikuwa akiendelea kuliandika kwa mkono, ijapokuwa alichekwa kwa kufanya hivyo. Tulilipa kwa kufuata daftari hilo, mstari kwa mstari, usiku na mchana. Mtamba haukurudi.

Twalisema hili kwa sababu ndani yake mna maana halisi ya neno huria kwa biashara kama yetu. Programu huria yaweza kuharibika kama nyingine, na fundi wake huhitaji mshahara. Walakini fundi huyo akipandisha bei kupita kiasi, au akihama, au akifa, chama hutafuta fundi mwingine, kwa kuwa maandishi ya programu yako wazi na hesabu ni zetu. Tunachonunua hapo ni uhuru wa kumwacha fundi mmoja na kumwendea mwingine. Mfanyabiashara asiye na uhuru huo hana bei, hupangiwa.

HOJA ZA WENZETU WASIOTAKA

Hoja ya kwanza ni hii: tukitoa mchoro wa mashine, mafundi wa mjini wataitengeneza, na wakulima wa vyama jirani hawatakodi ya kwetu. Hoja hii ina ukweli. Mapato fulani ya kukodisha yatapungua. Lakini tujiulize, ni nini kinachowazuia kuiga leo? Mashine yetu hufanya kazi uwanjani mbele ya macho ya watu. Fundi mwenye jicho jema akikaa siku mbili ataelewa sehemu kubwa. Kufuli yetu itamchelewesha fundi mwaminifu anayeomba ruhusa, na haitamzuia asiyeomba. Tena, msimu wa mavuno ni mfupi, na mashine moja haiwezi kuzimaliza kata zote. Mahindi yanayobaki shambani huliwa na fukusi na kunyeshewa na mvua. Mafundi kumi wakitengeneza mashine ya namna moja, wavu, mikanda na meno yake yatapatikana kwa urahisi, na karakana yetu, iliyoijua kwanza, ndiyo itakayoitwa kufundisha na kuuza vipuri.

Hoja ya pili: nani atamlipa mgunduzi? Hii ni hoja nzito kuliko zote. Mtu ale nini, ikiwa jasho la akili yake ni la wote? Serikali yetu ina sheria ya hataza, na BRELA huandikisha. Hatusemi kwamba anayechukua hataza atenda dhambi. Hata hataza yenyewe humtaka mgunduzi aeleze ugunduzi wake kwa maandishi, nao huwa wa wote muda wake ukiisha. Lakini kuandikisha, na hasa kushitaki wanaovunja, kwataka fedha ambazo karakana ndogo hazinazo.

Kuna njia nyingine ya kumlipa. Mnazijua nyanya aina ya Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa Tengeru mwaka 1997 na watafiti wetu pamoja na kituo cha kimataifa cha mboga kilichopo huko. Kazi ile ililipiwa kwa fedha za umma na wafadhili kabla mbegu haijatoka. Kisha makampuni mbali mbali yakaizalisha na kuiuza, na mkulima akaweza kuchagua auziwe na nani. Nasi tulifanya vivyo hivyo pasipo kujua: mafundi wa karakana walilipwa mshahara kwa michango yenu wakati walipokuwa wakijaribu na kushindwa na kujaribu tena. Kazi imekwisha kulipiwa. Kilichobaki ni kuwapa mafundi bakshishi ya haki kutoka katika mfuko wa ziada, na majina yao yaandikwe juu ya mchoro, yasifutwe popote utakapokwenda.

Hoja ya tatu: wengine watatengeneza mashine mbovu, na lawama itatujia sisi. Ndiyo, yaweza kuwa, kama tulivyoona katika bayogesi. Kwa hiyo mchoro uwe wazi, lakini alama ya chama iwe yetu. Ye yote na atengeneze. Ila asiweke alama yetu juu ya mashine ambayo karakana yetu haijaikagua.

PASIPOPASWA KUFUNGULIWA

Isije ikafikiriwa kwamba twataka kila kitu kianikwe juani. Habari za mkopo wa mwanachama, namba yake ya simu na akiba yake ni siri yake, na programu huria haimaanishi hesabu huria. Kadhalika bei tunayokusudia kuitaja mnadani haitangazwi kabla ya mnada. Kinachofaa kufunguliwa ni namna ya kufanya kazi. Mali ya mtu na siri yake vibaki na mwenyewe.

MAPENDEKEZO

Ndugu wajumbe, kwa hayo yote twaleta mbele yenu mapendekezo matano.

Kwanza, mchoro wa mashine utolewe kwa chama cho chote na fundi ye yote atakayeuomba, pamoja na leseni iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye sharti kwamba atakayeiboresha na kuitoa aturudishie michoro ya marekebisho yake.

Pili, karakana ifungue mafunzo ya siku tano kwa mafundi wa nje, kwa ada, na aliyefaulu apewe cheti.

Tatu, alama ya chama iandikishwe, na itumike kwa mashine zilizokaguliwa tu.

Nne, chama kihamie kwenye programu huria ya hesabu kwa hatua, mfumo wa zamani na mpya ukitembea pamoja kwa msimu mmoja, na nakala ya hesabu zote itunzwe ofisini kwetu kila wiki. Twawaambia wazi kwamba mwaka wa kwanza hautakuwa wa rahisi. Mtalipa fundi, mtalipa mafunzo ya makarani, na yaelekea hamtaona akiba yo yote ya fedha katika mwaka huo.

Tano, vijana wawili wa wanachama wetu waliomaliza kidato cha nne na cha sita wapelekwe kujifunza utunzaji wa programu hiyo, ili ufunguo wa daftari usitoke tena nje ya Terrat. Na daftari la karatasi la mapokezi ya maziwa liendelee kuandikwa.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini nywele za mtu mmoja hazisuki kamba. Chama chetu kilizaliwa kwa ujuzi ambao watu wengine waliutoa pasipo kutujua. Vyama jirani wanangoja jibu letu kabla ya mavuno, na mafundi wetu wameketi hapa safu ya nyuma wakitaka kujua kazi yao itakwenda wapi. Sisi watumishi wenu tutafuata kura yenu, iwe hivi au vile. Twawaomba mpige kura hiyo mkimkumbuka yule mama na mtamba wake.

Ushirika wetu na uishi miaka mingi.